Bakapu Zipo, Lakini Ipi ya Kuaminiwa? Kisa cha Maabara Iliyorejesha Data kwa Msaada wa Blokcheni

Kisa hiki ni cha maabara ya kuchunguza sampuli za wagonjwa iliyovamiwa na programu ya kudai fidia, yaani inayofunga mafaili ya mtu hadi alipe, ikakataa kulipa, na ikasimama tena. Jina lake, mahali ilipo, mwaka wa tukio na majina ya bidhaa ilizokuwa ikitumia vimeondolewa. Mimi niliingia kama mchunguzi wa nje, uvamizi ukiwa umeshatokea.

Nimekieleza kwa kirefu kwa sababu kila kinaposimuliwa, husimuliwa kwa kauli moja: "blokcheni iliokoa data." Kauli hiyo inapotosha, na taasisi inayoiamini inaweza kununua kitu isichokihitaji na kuacha kile inachokihitaji. Hakuna faili hata moja la mgonjwa lililokuwa ndani ya mnyororo, yaani hiyo blokcheni: daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi, ambalo kila ingizo hufungamanishwa na lililotangulia ili lisigeuzwe bila kugundulika. Kilichokuwamo ni ushahidi wa jinsi kila nakala ilivyokuwa usiku ilipochukuliwa. Ushahidi huo ndio uliowapa watu waliochoka, wasiojua tena wamwamini nani, ruhusa ya kutumia diski ambayo siku nyingine yoyote ingetupwa.

## Usuli

Maabara ilikuwa ikihudumia hospitali na zahanati kadhaa. Mashine hutoa jibu, jibu huingia kwenye hifadhidata kuu, daktari hulipitia na kuliidhinisha, kisha hutumwa kwa aliyeomba kipimo. Kando ya hifadhidata kulikuwa na ghala la viambatisho: picha za hadubini, grafu za mashine, fomu zilizoskaniwa. Vyote kwa jumla vilikaribia terabaiti 6, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa viambatisho. Idara ya TEHAMA ilikuwa ndogo, yenye mafundi wachache waliozoea kufanya kila kitu wenyewe.

Blokcheni haikuletwa hapo kwa kuwahofia wadukuzi. Ililetwa na ugomvi. Hospitali moja iliwahi kudai kwamba jibu lilibadilishwa baada ya kutolewa, na maabara haikuwa na namna ya kujitetea, kwa kuwa msimamizi wa hifadhidata aliyeweza kubadilisha jibu aliweza pia kubadilisha kumbukumbu za mabadiliko. Maabara na taasisi tatu washirika zikaanzisha leja ya pamoja, yaani blokcheni yao wenyewe. Kila jibu lilipoidhinishwa, heshi yake, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na data yenyewe, iliandikwa kwenye leja hiyo, na kila taasisi ilikuwa na nodi yake, yaani kompyuta ya kuitunza leja, yenye nakala kamili.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Bitcoin. Stuart Haber na Scott Stornetta walichapisha mwaka 1991 njia ya kugonga muhuri wa wakati kwenye nyaraka za kidijitali kwa kuzifungamanisha heshi zake katika mnyororo, na tangu 1995 kampuni waliyoianzisha ilikuwa ikichapisha heshi kila wiki kwenye gazeti la New York Times. Asingepatikana mtu wa kubadilisha magazeti yote yaliyokwisha kusambazwa. Leja ya maabara ilifuata mantiki hiyo hiyo, na baada ya muda fundi mmoja akauliza kwa nini bakapu, yaani nakala za akiba, nazo zisigongwe muhuri kwa njia hiyo. Swali lake ndilo lililozaa mfumo ninaoueleza hapa chini.

## Mfumo ulivyofanya kazi

Kila usiku programu ya bakapu ilikata mafaili vipande vipande, ikavisimba (ikavigeuza visisomeke bila ufunguo), kisha ikakokotoa heshi ya SHA-256 ya kila kipande. Heshi hiyo ni namba ya biti 256, na huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Ukigusa biti moja tu ya kipande, heshi hutoka nyingine kabisa. Heshi za vipande ziliunganishwa mbili mbili, matokeo yake nayo yakaunganishwa mbili mbili, hadi ukabaki mzizi mmoja wa baiti 32. Muundo huu huitwa mti wa Merkle, kwa jina la Ralph Merkle aliyeubuni mwaka 1979. Mzizi mmoja unatosha kuwakilisha bakapu nzima ya usiku mmoja.

Vipande vilipelekwa sehemu mbili. Ya kwanza ni seva ya bakapu iliyokuwa ndani ya jengo. Ya pili ni hifadhi iliyosambazwa kwenye nodi nyingi za watu tofauti, kwa mpango ambao hata nodi kadhaa zikipotea, zilizobaki zinatosha kukiunda upya kipande. Orodha ya heshi zote za usiku huo ilisafiri pamoja na vipande. Mzizi peke yake, ukiwa umetiwa saini, ndio ulioingia kwenye leja. Mara moja kwa siku mzizi wa leja yenyewe ulitiwa kwenye mnyororo wa umma wa Bitcoin, ambao hupata bloku mpya, yaani fungu jipya la maingizo, kwa wastani wa kila dakika 10. Kwa hiyo hata taasisi zote nne zingekula njama pamoja, zisingeweza kuandika upya yaliyopita bila kugundulika.

Heshi za majibu ya wagonjwa ziliongezewa namba ya nasibu, yaani iliyochaguliwa kwa bahati tu, kabla ya kukokotolewa. Jibu la kipimo huwa na uwezekano mchache: ndiyo au hapana, au namba fupi. Bila nyongeza hiyo, mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida angejaribu majibu yote yanayowezekana hadi apate heshi inayolingana, na leja ingekuwa imevujisha siri za wagonjwa kwa washirika wote, bila njia ya kuzifuta. Namba hiyo ilikuwa ikitumwa pamoja na jibu kwa hospitali husika. Baadaye uamuzi huu mdogo ulikuja kuwa na manufaa ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Ufunguo wa kusimbua bakapu ulihifadhiwa kwenye kasha la nywila, programu ya kutunzia nywila na funguo, ndani ya mtandao wa maabara. Pia uligawanywa kwa njia aliyoibuni Adi Shamir mwaka 1979: sehemu tano kwa watu watano, ambapo sehemu zozote tatu zikikutana ufunguo unapatikana, na mbili hazisemi lolote.

## Yaliyotokea

Wavamizi waliingia kiasi cha wiki tatu kabla ya tukio, kupitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia kwenye mtandao wa ndani ukiwa mbali) ya mkandarasi. Akaunti ilikuwa na nywila tu, bila uthibitishaji wa hatua mbili. Kutoka hapo walipanda ngazi hadi wakapata akaunti ya msimamizi mkuu wa mtandao, wakakaa kimya wakichungulia.

Hawakukaa bure. Siku 11 kabla ya shambulio mmoja wao alifungua mipangilio ya bakapu, akaongeza ghala la viambatisho kwenye orodha ya folda za kurukwa. Kuanzia usiku huo bakapu ziliendelea kufanyika, na kila asubuhi ripoti ilikuja ya kijani: imekamilika, hakuna hitilafu. Programu haikudanganya. Ilikuwa imeambiwa isichukue folda hiyo, ikatii.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili walimaliza kazi. Walifuta nakala za kivuli ambazo Windows huziweka yenyewe, wakafuta seva ya bakapu ya ndani, kisha wakasimba diski za mashine pepe zote (kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya seva), kuanzia hifadhidata kuu hadi kasha la nywila. Nodi ya leja ya maabara ilisimbwa pia. Mfanyakazi wa zamu ya usiku aliona mashine ya uchunguzi ikikataa kutuma jibu, akadhani ni tatizo la kawaida la mtandao. Alipofungua kompyuta ya mapokezi akakuta mafaili yote yameongezewa kiambishi asichokijua, na ujumbe wa maandishi wenye anwani ya mawasiliano na muda wa mwisho wa kulipa. Ujumbe ulisema pia kwamba data zimekwisha kunakiliwa na zitatangazwa hadharani maabara isipolipa.

Alichofanya mfanyakazi huyo kinastahili kuandikwa. Hakuzima kompyuta. Alichomoa nyaya za mtandao, moja baada ya nyingine, kisha akampigia simu msimamizi. Kompyuta iliyozimwa hupoteza yaliyo kwenye kumbukumbu yake ya muda, na wakati mwingine ufunguo uliotumika kusimba huwa bado umo humo. Safari hii haukupatikana, lakini kilichobaki kwenye kumbukumbu hizo ndicho kilichotuonyesha njia waliyopita wavamizi.

## Maamuzi na sababu zake

### Kulipa au kutolipa

Siku hiyo hiyo ya Jumapili maabara ilirudi kwenye karatasi. Vipimo vya dharura viliendelea, majibu yakisomwa kwenye skrini ya mashine, yakaandikwa kwa mkono na kupelekwa kwa simu na kwa miguu.

Uongozi uliuliza swali la wazi: tukilipa tutapata data lini? Jibu lililotolewa lilikuwa la uangalifu. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililipa bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4, ikapewa programu ya kusimbua iliyokuwa ya polepole kiasi kwamba kampuni iliendelea kutegemea bakapu zake yenyewe. Mwezi huo huo huduma ya afya ya Ireland ilishambuliwa, ikapewa ufunguo bure, na bado ilichukua miezi kurejesha mifumo yote. Ufunguo wa mhalifu unarudisha mafaili tu; haumwondoi mhalifu ndani ya mtandao. Mafundi walitazama pia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 kwa ushirikiano wa Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, ambao hutoa bure zana za kusimbua. Kwa aina hii ya programu hasidi hapakuwa na zana.

Uongozi ukaamua kutolipa, kwa sharti kwamba ipatikane njia ya kurejesha. Sharti hilo lilitupeleka moja kwa moja kwenye funguo.

### Sehemu tatu kati ya tano

Hapa ndipo kisa kilipokaribia kuharibika. Kasha la nywila lilikuwa limesimbwa. Kati ya washika-sehemu watano, mmoja alikuwa ameacha kazi na bahasha yake haikuonekana. Wa pili alikuwa ameiweka sehemu yake kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo nayo ilikuwa imesimbwa. Walibaki watatu, na mmoja wao, mkaguzi wa hesabu, alikuwa safarini. Alirudi Jumatatu alasiri na karatasi yake aliyoifungia nyumbani. Ingekosekana hiyo moja, terabaiti zote zilizothibitishwa hadi kwenye mnyororo wa Bitcoin zingekuwa kelele isiyosomeka na mtu yeyote milele.

Nimewasikia wauzaji wakisifu mifumo hii kwa saa nzima bila kutaja ufunguo. Kwangu mimi hilo ni swali la kwanza la kumuuliza muuzaji.

### Kurejesha siku ipi, na kutoka wapi

Wengi walitaka bakapu ya mwisho, ya usiku wa Ijumaa. Lakini wavamizi walikuwa ndani kwa wiki tatu. Je, bakapu ya Ijumaa iligeuzwa? Na kama iligeuzwa, ni kuanzia lini?

Kazi ilianza kwa kompyuta mpya, iliyowekewa mfumo kutoka chanzo safi, ambayo haikuwahi kuunganishwa na mtandao wa maabara. Nodi ya leja ilijengwa upya kwa kuchukua nakala kwa washirika wawili tofauti, zikalinganishwa, kisha mizizi yake ikalinganishwa na iliyokuwa kwenye mnyororo wa umma. Zote zililingana. Baada ya hapo zikapakuliwa orodha za kila usiku kutoka hifadhi iliyosambazwa. Orodha ni nyepesi, hazikuchukua muda.

Fundi aliweka orodha mbili mbili kwenye skrini, usiku mmoja kando ya uliofuata, akaanza kurudi nyuma. Ijumaa na Alhamisi zilifanana kwa ukubwa. Alhamisi na Jumatano vivyo hivyo. Aliendelea hadi alipofika kwenye jozi moja ambapo upande wa kushoto uliendelea kushuka kurasa na kurasa na upande wa kulia ukawa mfupi ghafla. Folda ya viambatisho ilikuwepo Jumanne, Jumatano haikuwepo. Ndivyo tulivyojua siku ambayo mkono wa mtu uligusa mipangilio. Kumbukumbu za mfumo wa bakapu zilikuwa zimefutwa, lakini orodha zilizofungwa kwenye leja zilibaki zikieleza kisa chote.

Uamuzi ukawa hivi: mifumo yote ijengwe upya kutoka chanzo, isirudishwe programu yoyote iliyokuwa kwenye bakapu, hifadhidata irudishwe kutoka usiku wa Ijumaa, viambatisho virudishwe kutoka usiku wa mwisho kabla ya folda kurukwa.

Likabaki tatizo la muda. Terabaiti 6 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde ni zaidi ya siku 5 na nusu hata laini ikijaa usiku na mchana, na hifadhi iliyosambazwa haikujaza laini. Fundi mwingine akakumbuka diski ya nje kwenye droo. Wiki tano kabla ya shambulio, walipokuwa wakihamisha chumba cha seva, alinakili ghala zima la vipande kwenye diski hiyo kwa tahadhari. Shida ni kwamba diski ilichomekwa tena wiki mbili kabla ya shambulio ili kutafuta faili moja la zamani, wakati ambapo wavamizi walikuwa tayari ndani. Kanuni ya kawaida ni kuiweka kando, kwa kuwa hujui kama imeguswa.

Hapo ndipo leja ilipofanya kazi iliyoistahili. Diski ilifunguliwa kwa kusomwa tu, kwenye kompyuta safi. Kila kipande kilikokotolewa heshi, heshi ikatafutwa kwenye orodha, orodha ikafungwa kwenye mzizi, mzizi kwenye leja. Kipande kinachotoa heshi ile ile ni kile kile, kiwe kimetoka kwenye droo, kwa mshirika au kwa nodi ya mtu usiyemjua. Karibu vyote vililingana. Vichache vilivyokataa vilikuwa kwenye eneo la diski lililochakaa, vikapakuliwa kutoka hifadhi iliyosambazwa pamoja na vipya vilivyoongezeka baada ya wiki ile. Kwa kuwa picha za zamani hazibadiliki, sehemu kubwa ya terabaiti 6 ilikuwa tayari mezani.

### Kufungua mapema au kuhakiki kwanza

Hifadhidata iliposimama, hospitali zilitaka ifunguliwe mara moja, na zilikuwa na haki kutaka hivyo. Daktari mkuu wa maabara alikataa. Alisema jibu lililochelewa humfanya daktari arudie kipimo, bali jibu lililobadilishwa humfanya amtibu mgonjwa ugonjwa asiokuwa nao. Nilikubaliana naye wakati huo na nakubaliana naye sasa.

Uhakiki ulichukua siku nzima. Kila jibu kwenye hifadhidata lilikokotolewa heshi upya pamoja na namba yake ya nasibu, likalinganishwa na heshi iliyoandikwa kwenye leja saa lilipoidhinishwa. Machache hayakulingana, na kwa saa kadhaa chumba kizima kiliamini wavamizi wamechezea majibu. Ilipofuatiliwa, yote yalikuwa masahihisho halali ya majina na namba za wagonjwa. Utaratibu wa kusahihisha ulikuwa ukibadilisha hifadhidata bila kuandika heshi mpya. Yalihakikiwa moja moja kwa fomu za karatasi.

Ikabaki Jumamosi, siku ambayo hakuna bakapu yoyote iliyokuwa nayo. Heshi za majibu ya siku hiyo zilikuwa kwenye leja, ila majibu yenyewe yalikuwa yamepotea. Hospitali zilikuwa na nakala za kielektroniki walizotumiwa, pamoja na zile namba za nasibu. Wakazirudisha, zikakokotolewa, zikalingana. Majibu hayo yakaingizwa tena bila mtu yeyote kulazimika kuaminiwa kwa neno lake tu.

## Matokeo

Hifadhidata ilifunguliwa kwa madaktari siku ya sita. Viambatisho vilikamilika wiki ya tatu. Viambatisho vya zile siku 11 vilipatikana kwa sehemu, vingine vikivunwa kutoka kumbukumbu za ndani za mashine za uchunguzi. Vilivyobaki vimepotea, na baadhi ya wagonjwa walilazimika kurudia vipimo vya hadubini.

Wavamizi walitangaza sehemu ya mafaili ya utawala. Mamlaka ya ulinzi wa data na watu walioathirika walijulishwa. Kwa hili leja haikuwa na msaada wowote, wala haikuundwa kwa ajili yake. Aliyenakili data zako hana haja na bakapu yako.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichorejesha data ni nakala zilizokuwa mahali ambapo akaunti ya msimamizi haikufika. Hilo ndilo la msingi, na halihitaji blokcheni. Kampuni ya meli ya Maersk ilipopigwa na programu hasidi ya NotPetya mwezi Juni 2017, seva zake za kusimamia utambulisho wa watumiaji zilifutika kote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa sababu umeme ulikatika na kuiacha nje ya mtandao. Maersk ilijijenga upya kutokana na hiyo moja. Kwa taasisi nyingi, nakala iliyo nje ya mtandao, nyingine kwenye hifadhi isiyokubali kufutwa hadi muda uliowekwa upite, na zoezi la kurejesha kila baada ya miezi michache vitatosha, na kwa gharama ndogo zaidi. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hapo.

Leja iliongeza vitu viwili ambavyo hifadhi isiyofutika peke yake isingevitoa. Kwanza, ilitenganisha kipande na mahali kilipotoka, ndiyo maana diski ya mashaka na nakala za hospitali zikageuka kuwa mali. Pili, ushahidi wake haukuwa mikononi mwa aliyeshambuliwa. Hospitali zilipouliza watajuaje kwamba majibu hayakubadilishwa, maabara haikuomba iaminiwe. Ilizielekeza zikokotoe zenyewe. Pale ambapo data ikibadilishwa kimyakimya mtu anaweza kufa au kufungwa, faida hiyo inastahili gharama yake.

## Uchambuzi: kilichoshindwa

La funguo nimeshalieleza. Baada ya tukio kila mshika-sehemu anatakiwa kuonyesha sehemu yake mara mbili kwa mwaka, na anayeacha kazi husababisha ufunguo kugawanywa upya kabla hajaondoka.

Kurejesha mfumo mzima hakukuwahi kufanyiwa mazoezi. Walikuwa wamejaribu faili moja moja, na faili moja hupakuliwa kwa sekunde. Hesabu ya siku 5 na nusu ingeweza kufanywa mchana wowote wa amani, kwa kikokotoo cha simu. Sasa diski za nje hujazwa kila wiki kwa zamu na kuwekwa nje ya jengo, na hifadhi iliyosambazwa imebaki kuwa kimbilio la mwisho.

Kosa zito zaidi ni lile lililokaa siku 11 bila kuonwa. Leja ilithibitisha kwa uaminifu mkubwa bakapu yenye upungufu. Mnyororo unathibitisha kwamba nakala haijaguswa tangu ilipochukuliwa. Hausemi kama ilikuwa kamili au safi wakati wa kuchukuliwa. Mvamizi mwenye akaunti ya bakapu angeweza hata kusimba mafaili kwanza na kuacha takataka hizo zigongwe muhuri halali. Dalili ilikuwa pale pale kwenye leja, mbele ya macho ya taasisi nne, na hakuna aliyeagizwa kuitazama.

Marekebisho yaliyofuata yana sehemu tatu. Kengele hulia idadi ya vipande ikipungua kupita kiasi kilichowekwa. Hulia pia vipande vipya vikiongezeka ghafla, kwa sababu faili lililosimbwa na mvamizi halifanani tena na vipande vya jana, na usiku huo karibu kila kitu huonekana kipya. Kanuni ya kwanza ilipojaribiwa kwenye orodha za nyuma, ililia usiku ule ule ambao folda ilirukwa. Mvamizi mvumilivu anayesimba mafaili machache kila usiku atapita chini ya viwango vyote viwili, kwa hiyo kila usiku mafaili kadhaa huchaguliwa kwa nasibu, husimbuliwa kwenye mashine iliyotengwa, na kujaribiwa kufunguliwa: picha ifunguke kama picha, fomu isomeke kama fomu.

Kengele hizo hazipokelewi na maabara peke yake. Zinakwenda pia kwa washirika watatu, kwenye mifumo ambayo msimamizi wa maabara hana akaunti nayo. Taasisi ikipokea kengele ya mwenzake, hupiga simu kwa mtu aliyeorodheshwa, si kwa baruapepe, na tukio halifungwi hadi mtu huyo aeleze ni nini kilichobadilika na nani aliyekibadilisha.